Kiraka Kabla ya Mfumo: Timu Iliyopanda Daraja na Somo la Viwanja vya Karagwe na Kyerwa

Viwanja vingi vya kata za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, vina upande wa juu na upande wa chini. Nchi yenyewe ni vilima, na uwanja wa shule au wa kijiji hukatwa ubavuni mwa kilima, migomba huku, mibuni kule. Hata ukisawazishwa kwa majembe ya wananchi, hubaki na mwinamo ambao mpira unaujua kuliko wachezaji. Ndiyo maana kura ya shilingi huko ni jambo zito. Kuna manahodha wanaotaka kupanda kipindi cha kwanza, miguu ikiwa bado mibichi, ili washuke kipindi cha pili wapinzani wakiwa hoi. Na kuna wanaotaka kushuka kwanza wapate bao la mapema, hasa vuli ikikolea na wingu likianza kujikusanya tangu saa saba mchana. Mvua ikishuka wakati wa mapumziko, hakuna tena cha juu wala cha chini, ni tope tupu.

Tazama mchezo wa namna hiyo kwa dakika 90. Timu inayopanda hupiga pasi fupi kwa sababu mpira mrefu unarudi wenyewe, mabeki wake husogea karibu na viungo, na kipa hatoki mbali na lango. Baada ya mapumziko wachezaji walewale, bila hata mmoja kubadilishwa, hurudi wakiwa timu nyingine: mipira inapigwa nyuma ya mabeki, winga anageuka mshambuliaji wa pili, beki wa kulia anabaki nyuma kulinda. Hakuna mtu kando ya uwanja atakayekuambia kwamba ameona mabadiliko ya mfumo. Atasema vijana wameusoma uwanja.

Nimeanza na mteremko huo kwa sababu ndani yake limo swali zima la timu iliyopanda daraja. Timu hiyo imetoka uwanja inaoujua, imeingia uwanja ambao mwinamo wake unawafaa wengine. Ibadilike kiasi gani? Ibadilike lini? Na ni nani ndani ya timu anayebeba mabadiliko hayo?

Kwa mtu wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Murongo swali hili limekuja karibu kuliko zamani. Msimu wa 2024/25 Kagera Sugar ilishuka kutoka Ligi Kuu baada ya takriban miongo miwili ya kuwa jina la mkoa huu katika soka la juu. Timu yoyote itakayotaka kuurudisha Mkoa wa Kagera kule, iwe Kagera Sugar yenyewe au klabu ya wilayani inayoanza safari yake leo, itafika siku moja ikiwa ngeni. Na safari ya klabu ya wilayani ni ndefu. Bingwa wa wilaya huenda ligi ya mkoa, bingwa wa mkoa huenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, kisha kuna First League, kisha Championship, ndipo Ligi Kuu. Timu inayoanzia Kyerwa na kufika juu itakuwa imepanda daraja mara tano, na kila mara itakuta wachezaji wenye kasi zaidi, makocha waliosoma zaidi na makosa yanayoadhibiwa haraka zaidi. Kwa hiyo si suala la klabu kubwa za mjini peke yake. Linamgusa mwalimu wa michezo wa sekondari aliyepewa timu ya kata sawasawa na linavyomgusa kocha mwenye leseni ya CAF.

Jibu langu nalitoa mapema. Unyumbufu wa timu iliyopanda haupimwi kwa idadi ya mifumo ambayo kocha anaweza kuichora ubaoni. Upimwe kwa idadi ya wachezaji wanaoweza kubadili kazi mchezo ukiendelea, bila timu kuachia mwanya. Watu wa mpira wana jina la mchezaji wa aina hiyo: kiraka. Ni neno linalotamkwa kwa sifa, na kwa haki. Nguo ikitoboka safarini, anayefika salama ni yule aliyebeba kiraka. Watanzania wa rika langu wakilisikia humkumbuka Erasto Nyoni, ambaye kwa miaka mingi, katika klabu na katika Taifa Stars, alicheza beki wa kulia, beki wa kushoto, beki wa kati na kiungo mkabaji. Siku Tanzania ilipoifunga Uganda 3-0, Machi 24, 2019, na kurudi Fainali za Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39, bao moja kati ya hayo matatu lilikuwa lake, kwa penalti. Kocha mwenye mtu kama huyo ana timu mbili ndani ya jezi 11.

Kwenye vibanda umiza vya Omurushaka, kama kwingine nchini, mjadala kuhusu timu ngeni huwa na kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema timu ikipanda ipaki basi: ikae nyuma, iwaachie wakubwa mpira, itafute pointi moja moja. Kambi ya pili inasema timu isibadili kilichoipandisha, maana kubadili ni kukubali kwamba haistahili kuwepo. Kila kambi ina ushahidi wake, na mwingi huja kutoka Uingereza kwa sababu ndiko macho yalikozoea kuangalia Jumamosi jioni.

Chukua Burnley ya Vincent Kompany. Ilipanda msimu wa 2022/23 ikiwa na pointi 101, ikicheza pasi kuanzia kwa kipa, na ilipofika Ligi Kuu ya Uingereza iliendelea na mpira uleule. Ilivuna pointi 24 na kushuka. Kambi ya kwanza hushangilia hapo. Lakini chukua pia Sheffield United ya Chris Wilder. Ilipanda mwaka 2019 na mfumo wake wa mabeki watatu, ambao mabeki wa pembeni kati ya hao watatu walipanda mbele na kumpita winga wao, jambo ambalo wapinzani hawakuwa wamelizoea. Haikubadili chochote, ikamaliza ya tisa kwa pointi 54. Kambi ya pili nayo hushangilia. Msimu uliofuata Sheffield ileile, na mfumo uleule, ilimaliza mkiani kwa pointi 23. Kuna zaidi ya sababu moja ya anguko hilo: majeruhi, kuondoka kwa kipa tegemeo, viwanja visivyo na watazamaji wakati wa korona. Hata hivyo naamini sababu ya msingi ni kwamba mfumo wa kushangaza hushangaza msimu mmoja. Wapinzani wakishausoma, timu isiyo na njia ya pili hubaki mikono mitupu.

Nyumbani tuna mifano inayofundisha zaidi, kwa kuwa mazingira yake tunayajua. Namungo ya Ruangwa, Lindi, ilipanda mwaka 2019, na katika msimu wake wa kwanza, 2019/20, chini ya kocha Hitimana Thierry, ilimaliza ya nne kwenye ligi ya timu 20 na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF, ikafungwa na Simba 2-1. Mwaka uliofuata ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika na huko ikatoka bila pointi hata moja. Watu hutaja makundi hayo kama aibu. Mimi huyaona kama kipimo cha ukweli: timu iliyokuwa na majibu ya kutosha kwa ligi yetu ilikutana na maswali ambayo haikuwa imewahi kuulizwa, na haikupata muda wa kujifunza kati ya mechi moja na nyingine. Kupanda daraja na kwenda Afrika ni jambo lilelile kwa vipimo viwili tofauti.

Kisha kuna Geita Gold, jirani zetu kabisa. Ilipanda mwaka 2021 na kuanza vibaya chini ya Etienne Ndayiragije. Viongozi hawakusubiri, na timu ikakabidhiwa kwa Fred Felix Minziro. Mwisho wa msimu wa 2021/22 Geita ilikuwa ya nne, na mshambuliaji wake George Mpole alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, akimpita Fiston Mayele wa Yanga. Miaka mitatu baadaye hadithi hiyo ikajirudia Mwanza kwa namna ya kustaajabisha. Pamba Jiji ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 baada ya zaidi ya miaka 20 nje, ikaanza na kocha mgeni, Goran Kopunovic, ikapata tabu mechi za mwanzo, na Oktoba 2024 aliyeitwa ni Minziro tena. Pamba ikabaki.

Nini hasa Minziro anakiona ambacho wengine hawakioni? Sikukaa naye kambini, kwa hiyo nasema kama mtazamaji. Kote kuwili aliwakuta wachezaji walioshaanza kuamini kwamba ligi imewazidi, na kote kuwili alichoanza nacho ni kupunguza mambo. Timu ikajua kwanza inakaaje bila mpira. Ikajua mpira ukipatikana unakwenda kwa nani. Ukishakuwa na mambo hayo mawili una nyumba, na nyumba ikishasimama ndipo unaweza kufungua dirisha la pili na la tatu. Timu nyingi ngeni huanza kinyume: zinafungua madirisha kabla ya ukuta.

Hapo ndipo ninapoiweka KenGold ya Chunya. Ilipanda ikiwa bingwa wa Championship msimu wa 2023/24. Ilipopoteza mechi za mwanzo za Ligi Kuu ilibadili kocha, kisha ikabadili tena, na katika dirisha dogo ikaleta wazoefu wengi kwa mpigo, wakiwemo Kelvin Yondani na Bernard Morrison. Ilimaliza ya mwisho. Sisemi wazoefu hao hawakuwa na uwezo. Nasema wachezaji wengi wapya katikati ya msimu wanahitaji wiki nyingi za kujuana, na ratiba haikuwa na wiki hizo. Kubadili watu kulichukuliwa kuwa ndiko kubadili mbinu. Gwambina ya Misungwi na Mbeya Kwanza nazo zilidumu Ligi Kuu msimu mmoja tu, 2020/21 na 2021/22, na Ihefu katika safari yake ya kwanza ilikwenda hivyohivyo. Lakini Ihefu ilirudi. Novemba 29, 2022, pale Mbarali, timu hiyo iliyokuwa imepanda miezi michache kabla iliifunga Yanga 2-1 na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kufungwa. Na wakati huo Ihefu ilikuwa inahangaika chini ya msimamo. Ushindi kama huo hauji kwa kupaki basi peke yake, maana anayepaki basi hafungi mabao mawili. Unakuja timu inapojua dakika ipi ya kukaa na dakika ipi ya kutoka.

Kagera yenyewe inao mchezo ambao kila mwenye miaka ya kutosha anaukumbuka. Mei 19, 2018, Uwanja wa Taifa, Simba ilikuwa imeshatwaa ubingwa na haijafungwa msimu mzima. Rais John Magufuli alikuwepo kukabidhi kombe. Kagera Sugar ya Mecky Maxime ikashinda 1-0 kwa bao la Edward Christopher la dakika za mwishoni, na Juma Kaseja, golini kwa Kagera, akaokoa penalti ya Emmanuel Okwi. Kagera haikuwa timu ngeni wakati huo, ila ilicheza kama timu ngeni yenye akili inavyopaswa kucheza ugenini: ikavumilia muda mrefu bila mpira, na nafasi ilipokuja haikuipoteza. Miaka saba baadaye, msimu ambao Kagera ilishuka, kiti cha kocha kilikaliwa na Paul Nkata, kisha Melis Medo, kisha Kaseja huyohuyo. Makocha watatu kwa msimu mmoja ni lugha tatu kwa wachezaji walewale. Na mchezaji anayefundishwa lugha tatu kwa miezi tisa huishia kunyamaza uwanjani.

Sasa tuingie ndani ya mbinu zenyewe, maana maneno "kubadilika" na "kunyumbuka" hutumika ovyo sana redioni.

Timu ngeni inaweza kubadili mambo manne bila kugusa orodha ya wachezaji wake. Inaweza kubadili kimo, yaani mabeki wasimame wapi: karibu na mstari wa kati au karibu na boksi lao. Inaweza kubadili upana: viungo wa pembeni wabaki kwenye chaki au waingie ndani kuziba njia za katikati. Inaweza kubadili mahali pa kuanzia kukaba, na inaweza kubadili njia ya kutokea mpira unapopatikana. Mfumo wa namba, 4-4-2 au 4-2-3-1, ni jina tu la picha inayotokea mambo hayo manne yakikutana. Kocha anayewaambia vijana "leo tunacheza 3-5-2" bila kuwaambia beki wa tatu afanye nini mpira ukiwa upande wa pili hajawaambia kitu.

Tazama jinsi kiraka anavyofanya kazi hapa. Tuseme timu iliyopanda inacheza 4-4-2 ya kawaida, na winga wake wa kushoto amewahi kucheza beki kwa miaka miwili shuleni. Wapinzani wanaongoza mashambulizi kupitia winga wao wa kulia mwenye kasi. Kocha hana haja ya kumtoa mtu. Anampigia kelele winga wake ashuke, beki wa kushoto aingie ndani awe beki wa kati wa tatu, mshambuliaji mmoja arudi kuziba pembeni. Kwa sekunde kumi timu imekuwa 5-4-1. Mpira ukipatikana, winga yuleyule anapanda, na mfumo unarudi ulivyokuwa. Mpinzani aliyejiandaa wiki nzima kukabiliana na mabeki wanne anajikuta anagongana na watano, na akitoa mshambuliaji mmoja kuongeza kiungo, winga ameshapanda tena. Yote hayo yamefanywa na mtu mmoja anayejua kazi mbili na wenzake wawili wanaojua kumfidia.

Wenzake wawili. Hapo ndipo penye ugumu wote. Kiraka anayebadilika peke yake huacha tundu. Akishuka bila mshambuliaji kurudi, pembeni panabaki wazi. Akipanda bila beki kujisogeza, nyuma yake panageuka barabara ya lami. Kwa hiyo unyumbufu ni mazoezi ya watu watatu watatu, marudio mengi ya hali moja, mpaka mguu uende wenyewe. Nikiwa na nafasi ya kumshauri kocha wa timu ya wilaya inayojiandaa na ligi ya mkoa, ningemwomba achague hali mbili tu. Ya kwanza, tumefungwa na zimebaki dakika 20. Ya pili, tunaongoza na wapinzani wanapiga mipira mirefu. Afundishe hizo mbili mpaka kila mmoja aweze kusema kazi yake na ya jirani yake. Timu yenye majibu mawili yaliyoiva ni hatari kuliko timu yenye majibu saba mabichi.

Sheria nayo imeongeza nafasi. Tangu 2020 timu ziliruhusiwa kubadili wachezaji watano, kwanza kwa muda kwa sababu ya korona, na mwaka 2022 ikawekwa rasmi kwenye sheria za mchezo. Wengi hudhani hilo limewasaidia wakubwa, wenye benchi nene. Ni kweli kwa sehemu. Lakini timu ndogo inayokaba kwa nguvu huchoka kuanzia dakika ya 60, na miguu mitano mipya ni karibu nusu ya timu ya ndani. Anayepoteza faida hiyo ni kocha anayewangojea wachezaji wake waumie ndipo awabadilishe.

Mipira iliyokufa nitaigusa kwa ufupi, ingawa ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote. Kona na faulo hazijali mwinamo wa uwanja wala thamani ya kikosi, na hufanyiwa kazi hata na vijana kumi jioni moja.

Narudi Karagwe na Kyerwa, kwa kuwa kuna jambo la hapa linalonikera na ambalo halijadiliwi ipasavyo. Viwanja vyetu vinawafundisha wachezaji kubadilika, lakini mashindano yetu yanazifundisha timu kinyume chake. Msimu wa kombe la mbunge au kombe la kata ukifika, kuna ng'ombe, mbuzi, seti ya jezi na heshima ya kata mezani. Basi viongozi huanza kupiga simu. Vijana huitwa kutoka Bukoba, Mwanza, na wengine hata ng'ambo ya mpaka, Uganda, kwa malipo ya mechi moja moja. Tunawaita mamluki. Wanashuka kwenye gari saa nane, wanavaa jezi saa tisa, saa kumi wanacheza. Wana vipaji kweli, na mashabiki wanafurahi. Ila timu iliyokutana saa tisa haiwezi kuwa na mpango wa dakika ya 60. Kila mmoja hucheza namba anayoipenda. Beki wa kijiji aliyefanya mazoezi miezi mitatu hukaa benchi akitazama, na kata ikishinda kombe haibaki na kitu isipokuwa picha na mfupa wa ng'ombe. Mwaka unaofuata inaanza upya kutoka sifuri.

Timu hiyo ikitwaa ubingwa wa wilaya na kwenda ligi ya mkoa, usajili unadai majina yanayobaki. Mamluki wametawanyika. Ndipo watu hushangaa kuona bingwa aliyewachabanga wote nyumbani akifungwa mabao manne Bukoba. Aliyepanda si yule aliyeshinda. Sijui namna bora ya kubomoa nyumba kuliko hiyo.

Wapo watakaonijibu kwamba mamluki ndio wanaoleta watu uwanjani, na kwamba kijana wa Kaisho anajifunza kwa kucheza na mchezaji wa daraja la juu. Hoja hiyo ina uzito. Napendekeza basi waandaaji waweke ukomo: wageni wawili kwa timu, wasajiliwe kabla ya mechi ya kwanza na wabaki mpaka ya mwisho. Mgeni anayekaa miezi miwili anafundisha. Anayekaa dakika 90 anachukua posho na kuondoka na ujuzi wake.

Tatizo la pili ni kalenda. Mchezaji wa huku ni mkulima, dereva bodaboda, mwanafunzi, fundi, kibarua wa mgodini. Kahawa ikianza kuiva kuanzia Mei, mikono yote inatakiwa shambani, na hakuna kocha mwenye haki ya kumlaumu kijana anayechuma kahawa ya mama yake badala ya kuja mazoezini. Lakini kocha anayejua hilo anaweza kupanga. Mazoezi mafupi ya mbinu, dakika 40 za watu watatu watatu, yanawezekana hata kikosi kikiwa nusu. Mazoezi ya kukimbia kilima yanaweza kusubiri, maana kijana aliyebeba gunia la kahawa mbichi kutwa nzima ameshapanda kilima cha kutosha. Nimeona walimu wengi wakifanya kinyume: wachezaji wakija wachache wanawakimbiza, wakija wote wanawagawa timu mbili na kuwaachia wacheze. Mbinu haipati siku yake.

Safari nayo ni sehemu ya mbinu, ingawa haionekani ubaoni. Lami ya kilomita 59 kutoka Kyaka hadi Bugene iliifanya safari ya kutoka Kayanga kwenda Bukoba iwe ya kawaida. Timu ya Murongo bado inatoka mbali, na ikifika juu zaidi, Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa basi. Timu inayosafiri hivyo haiwezi kukaba kwa juu dakika 90 siku mbili baada ya kushuka garini. Kocha mwerevu huipanga mechi ya ugenini kuanzia kwenye kiti cha basi: robo saa ya kwanza kupunguza kasi, mpira utulizwe, kipa achukue muda wake halali, miguu ifunguke. Nyumbani, kwenye hewa ya vilima vilivyo juu ya mita 1,500, mambo yageuke: mgeni aliyetoka pwani asukumwe kuanzia filimbi ya kwanza, kabla mapafu yake hayajazoea.

Na kuna suala la umri. Kwenye mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, mtoto mrefu hupangwa beki wa kati, mwenye mbio hupangwa winga, na hubaki hapo mpaka amalize shule. Ushindi wa shule unapatikana, lakini wilaya inapoteza kiraka. Mtoto wa miaka 12 anayecheza beki muhula huu na kiungo muhula ujao atafungisha mabao mawili matatu. Akifika miaka 20 atajua kwa nini winga humchukia beki asiyempandia, kwa sababu amewahi kuwa winga. Ujuzi huo haununuliwi dirisha dogo. Mwalimu wa shule ya msingi Ihembe au Mabira anaweza kuuanzisha bila senti hata moja ya nyongeza, mradi mwalimu mkuu asimuulize kila Jumatatu kwa nini walifungwa.

Fikiria basi timu ya huku imetwaa ubingwa wa wilaya kwa vijana wake, imesajili walewale, na imebahatika kucheza Uwanja wa Kaitaba, Bukoba. Wanashuka kwenye Coaster, wanaingia ndani, na kitu cha kwanza ni lile zulia la nyasi bandia. Mpira ukidondoshwa unaruka sawa. Ukipigwa pasi unakwenda kasi usiyoizoea na haupindi. Nahodha anaitwa katikati kwa kura ya shilingi, anashinda, anageuka kuangalia magoli yote mawili. Hakuna la juu wala la chini. Anachagua upande wenye jua mgongoni, anarudi kwa wenzake, na beki wa kushoto anamuuliza swali moja tu: wakipita kwangu, nani anashuka? Winga ananyoosha mkono kabla nahodha hajajibu.